Sekunde Moja Mbele ya Boneti

Muulize dereva wa miaka mingi huwa anatazama wapi anapoingia kwenye kona. Atasema anatazama barabara, na mazungumzo yataishia hapo. Hafichi siri ya kazi, hajui. Macho huhama mara mbili tatu kila sekunde, na karibu mihamo yote hiyo hufanyika bila mwenyewe kuombwa ruhusa. Tena kila yanapotua, eneo linaloonekana kwa ukali ni dogo mno: nyoosha mkono mbele, ni kama upana wa dole gumba. Kwingine kote ni ukungu. Basi kuamua dole gumba hilo liwekwe wapi ni sehemu kubwa ya udereva, na dereva mwenyewe si shahidi wa kutegemewa.

Michael Land, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alikuwa mtaalamu wa macho ya wanyama. Alishachunguza hata macho ya buibui wanaoruka. Aliunda kifaa cha kuvaa kichwani: kamera ya video na kioo kidogo, vikipangwa hivi kwamba mkanda mmoja unanasa njia iliyo mbele na jicho la dereva kwa pamoja. Baada ya safari kazi ilihamia mezani. Picha moja baada ya nyingine, duara la mboni lilifuatishwa ili kupata jicho lilielekea wapi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyozaa jibu.

Mwenzake alikuwa David Lee wa Edinburgh. Mwaka 1976 Lee alikuwa amependekeza jambo lililowasumbua wengi: dereva anaweza kupiga breki kwa wakati bila kujua umbali wala kasi ya gari la mbele, kwa kutumia tu jinsi taswira ya gari hilo inavyokua machoni. Kinachosomwa hapo moja kwa moja ni muda uliobaki. Wazo hili litaturudia.

Wawili hao waliwapeleka madereva watatu kwenye Queen's Drive, barabara ya kona nyingi inayozunguka kilima cha Arthur's Seat, Edinburgh. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Sekunde moja au mbili kabla ya kona, macho ya madereva yalirukia mahali pamoja: pale ambapo ukingo wa ndani wa kona unaonekana kujitokeza zaidi kuelekea kwa dereva, kisha unakunja na kupotea. Katika jiometri panaitwa nukta ya tanjenti. Ndani ya kona macho yaliondoka na kurudi hapo tena na tena, na usukani uliyafuata macho baada ya muda usiofika sekunde moja.

Kwa nini hapo? Kwa sababu nukta hiyo ni kipimo kilicholazwa barabarani bila mtu kukilaza. Chukua dereva aliye mita 1.5 kutoka ukingo wa ndani. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 200, nukta ya tanjenti inakaa nyuzi 7 hivi pembeni mwa uelekeo wa gari. Kona ikibana hadi mita 50, pembe inakuwa nyuzi 14. Ukubwa wa pembe unakwambia ukunje usukani kiasi gani, na kama kona haibadiliki, nukta inatulia palepale kiooni huku gari likizunguka. Hakuna haja ya kukadiria umbali wa kitu chochote.

Kuna hesabu nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi. Nukta ya kona ile ya mita 200 iko mita 24 hivi mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa utaifikia baada ya sekunde 1.1. Nukta ya kona ya mita 50 iko mita 12 mbele, na kwa kilomita 40 kwa saa utaifikia baada ya sekunde 1.1 ileile. Sikuchagua kasi hizo ili zipendeze. Ndizo zinazokusukuma ubavuni kwa nguvu sawa katika kona zote mbili, na dereva hupunguza mwendo kwenye kona iliyobana kwa sababu ya msukumo huohuo, abiria wasilaliane. Akichagua kasi kwa namna hiyo, muda wa kuifikia nukta unabaki uleule, kona iwe pana au finyu.

Hapo linarudi wazo la Lee la muda uliobaki, na ndiyo maana nasema Land na Lee waliona muda wakaupa jina la mahali. Linachotafuta jicho ni hali ya gari baada ya sekunde moja hivi, na nukta ya tanjenti ni kituo kinachopatikana huko mara nyingi. Otto Lappi wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake walilikoroga jambo hili zaidi mwaka 2013. Walichunguza mwenendo wa jicho lenyewe ndani ya kona. Kama limeganda kwenye nukta ya tanjenti, linapaswa kutulia, maana nukta haisogei. Waliliona likiteleza polepole pamoja na lami, kisha likiruka mbele na kuanza tena. Jicho la namna hiyo linashika kipande cha njia ambacho gari litapita, linakisindikiza kidogo, kisha linachukua kingine. Ubishi haujaisha, kwa kuwa sehemu hizo mbili ziko karibu sana machoni. Lakini kwa upande wa muda, pande zote mbili ni majirani.

Je, nani anaangalia gari lisitoke kwenye njia yake? Ukungu. Mwaka 1995 Land na Julia Horwood walitumia mashine ya kuiga udereva, wakaficha barabara yote isipokuwa ukanda mwembamba. Ukanda wa mbali ukiachwa peke yake, dereva alifuata mkunjo vizuri lakini alipotea ndani ya njia yake. Ukanda wa karibu ukiachwa peke yake, usukani ulienda kwa kushtukashtuka. Kanda zote mbili zikiachwa pamoja, aliendesha karibu kama anayeona barabara nzima. Aliyekomaa hutuma ukali wa macho mbali na kuachia pembe ya jicho kazi ya karibu. Mwanafunzi hawezi bado. Ronald Mourant na Thomas Rockwell waliliona hilo Marekani mwaka 1972: wageni wa usukani walitazama karibu zaidi na boneti na ukingo wa barabara, na vioo walivisahau. Mwalimu anayepiga kelele "tazama mbele!" anadai kitu ambacho pembe ya jicho la mwanafunzi haijafuzu kukilipia.

Kabla ya hao wote alikuwapo John Senders, aliyeendesha kwenye barabara kuu jirani na Boston miaka ya 1960 akiwa na kofia yenye kifuniko kinachoshuka na kuziba macho, kikifunguka kwa muda mfupi tu. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza. Kadiri kasi ilivyopanda, ndivyo alivyohitaji kufunguliwa macho mara nyingi zaidi. Anayesoma ujumbe kwenye simu kwa kilomita 80 anajifunika kofia hiyo mwenyewe, mita 44 kwa kila sekunde mbili.

Sasa peleka hesabu ile ya nukta ya tanjenti Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam likivuka mto Kagera linahama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia, lakini usukani wake unabaki kulia. Nyumbani, kona ya kulia haikumsumbua dereva: ukingo wa ndani wa njia yake ulikuwa mstari wa katikati, na jicho lilipenya juu ya njia ya wanaokuja. Ndani ya Rwanda, ukingo wa ndani wa kona hiyohiyo ni bega la barabara, na mara nyingi ni kilima au migomba inayoziba. Dereva wa Kigali, aliyekaa kushoto, yuko mita 2.5 hivi kutoka ukingo huo. Wa lori letu yuko mita 1. Kwenye kona ya mita 200, kwa kilomita 80 kwa saa, wa kwanza anapata sekunde 1.4 hadi nukta ya tanjenti, wa pili sekunde 0.9. Ili arudishiwe hiyo nusu sekunde, mgeni itambidi ashuke hadi kilomita 50.