Shanta la Kurudi Nalo

Magharibi mwa Montana, nchini Marekani, barabara nyingi huishia bondeni, na elki hupenda kukaa juu. Elki ni jamii ya kulungu, lakini dume lake lililokomaa huweza kufika kilo 300. Likianguka kwenye mteremko wa milima ya Bitterroot, hakuna gari la kulifikia. Nyama yote hushuka migongoni mwa watu. Sheria ya jimbo nayo imekaza: miguu yote minne pamoja na sarara ya mgongoni lazima itolewe porini. Ukishatoa mifupa, dume kubwa hukuachia kilo 70 hadi 100 za steki. Kwa mtu mmoja hiyo ni safari tatu au nne za kupanda na kushuka.

Kwa hiyo anayechagua shanta la kuwindia huchagua kwa ajili ya saa hiyo ya kushusha nyama. Asubuhi ya kuondoka, ukiwa na maji, mkate na koti, begi lolote litakufaa. Hili nimelielewa kwa kumtazama jirani yangu mjini Missoula, seremala mstaafu aliyewinda milima hii tangu utotoni. Missoula ina wasemaji wa Kiswahili wengi kuliko mgeni anavyodhani. Tangu 2016 mji umepokea wakimbizi, zikiwemo familia nyingi kutoka Kongo, na Kiswahili cha Kivu hukisikia madukani na kwenye vituo vya basi. Kijana mmoja wa familia hizo, mzaliwa wa upande wa Bukavu, alikuwa amemaliza kozi ya usalama wa uwindaji na kupata leseni yake ya kwanza. Alikuja gereji kwa mzee kuomba ushauri wa shanta, nami nikaitwa kutafsiri. Baada ya muda mfupi mikono yao ilikuwa ikielewana yenyewe, nikapata nafasi ya kutazama kazi.

Mzee alianza na mgongo. Alimwambia kijana ainamishe kichwa, akapapasa nyuma ya shingo kwa kidole cha shahada mpaka akaipata ile pingili inayochomoza kuliko zote, pale shingo inapokutana na mabega. Akatia alama ya chaki juu ya fulana. Kisha akamtaka ashike kiuno, vidole vikiwa mbele na gumba likiwa nyuma, kila mkono juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya magumba mawili, kwenye uti wa mgongo, akatia alama ya pili. Akalaza futi ya fundi cherehani kutoka alama hadi alama, akiifuatisha na mbonyeo wa mgongo bila kuivuta. Sentimita 46. Akaiondoa, akapima tena: 46. Kijana anampita mzee kwa kichwa kizima, lakini urefu wake umo miguuni, na mgongo wake ni wa mtu wa kimo cha kati. Aliyemkadiria kwa macho angemvalisha fremu ndefu, na mkanda wa kiunoni ungemkalia mapajani.

Ukutani zilining'inia fremu za vizazi mbalimbali. Ya zamani zaidi ilikuwa ya mbao na turubai, ya mtindo wa Trapper Nelson ulioenea miaka ya 1920. Mzigo wake wote huangukia mabegani. Iliyofuata ilikuwa ya mabomba ya alumini, ya aina iliyopata umaarufu baada ya Dick Kelty kuanza kutengeneza mashanta huko Glendale, California, mwaka 1952. Hapo mkanda wa kiunoni ulianza kazi yake ya maana, yaani kuuhamishia uzito kwenye nyonga, mahali palipo na mifupa mipana na misuli mikubwa ya kubebea. Ya tatu ndiyo aliyoishusha. Ni shanta la siku hizi, lenye fremu nyepesi inayopinda kidogo kufuata mgongo na begi la nailoni linaloshikiliwa na mikanda pembeni. Mashanta ya namna hii hutengenezwa na kampuni kadhaa, na mbili zinazosifiwa sana zimeanzia Montana hapo hapo, katika mji wa Bozeman: Mystery Ranch na Stone Glacier.

Alilaza shanta kifudifudi mezani, akalegeza mikanda ya pembeni mmoja baada ya mwingine, na begi likajitenga na fremu. Katikati yake ikafunguka nafasi yenye kitako cha kitambaa kigumu chini. Humo ndimo nyama hukaa. Aliingiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko kumwonyesha kijana kina chake, kisha akageuza kiganja kugusa upande wa fremu, ili aone kwamba mzigo mzito utalala karibu kabisa na mgongo, na begi la nguo na vifaa litaufunika kwa nje. Mzigo ukikaa mbali na mgongo humvuta mtu nyuma, naye huinama kuufidia, na kwenye theluji ya mteremko kuinama huko ndiko kunakomwangusha.

Je, mtu anunue mashanta mawili, la lita 35 la kutwa na la lita 60 la kulala porini? Mzee anakataa, nami nakubaliana naye. Elki hapimi kama ulipanga kurudi jioni au keshokutwa. Anayetoka kwa siku moja na begi dogo lisilo na fremu, akapata mnyama saa tisa alasiri kilomita sita kutoka kwenye gari, anarudi mikono mitupu kuchukua fremu, huku nyama ya paja ikibaki na joto karibu na mfupa. Septemba, kwenye msimu wa upinde, jua la mchana huku linaweza kuwa kali, na mahali nyama huanza kuharibika ni pale kwenye fundo la nyonga, ndani kabisa. Afadhali fremu moja imara, na begi la lita 60 hivi linaloweza kubanwa kwa mikanda likawa bapa kama bahasha kwa safari ya kutwa.

Kisha akaleta mifuko ya mchanga. Hakuna shanta linalojulikana likiwa tupu. Alianza na kilo 15, akalegeza kila mkanda mpaka mwisho, akamvalisha kijana. Mkanda wa kiunoni ulitangulia. Aliusogeza juu, akaushusha kidogo, akausogeza tena, mpaka sponji ikaukalia mfupa wa nyonga katikati, nusu juu na nusu chini, ndipo akafunga bizimu na kuvuta. Baada ya hapo ikaja mikanda ya mabegani, akiivuta kiasi cha kugusa tu. Halafu ile midogo inayotoka juu ya fremu kushuka kwenye bega, ambayo huurudisha mzigo mwilini. Hiyo aliitazama kwa upande, akiinama ili jicho lake lilingane na bega, akitafuta mwinuko wa nyuzi 45 hivi. Mkanda wa kifuani ukawa wa mwisho, nao ulikazwa kwa vidole viwili tu. Mzee akapitisha kiganja bapa kati ya bega la kijana na mkanda. Kilipita. Hiyo ilimtosha kujua kwamba nyonga zimeubeba mzigo.

Wakaongeza mchanga mpaka kilo 30, na kijana akatumwa apande na kushuka ngazi za nyumba. Mzee aliketi kwenye kiti cha mbao akisikiliza kuliko kutazama. Fremu mbovu hulia kila hatua, na elki ana masikio makubwa. Kijana aliporudi hakulalamika. "Mama alikuwaka anabeba mingi kupita hii," alisema. Nikamweleza mzee kuhusu akina mama wabebaji wa Bukavu, wanaobeba magunia kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, shingo ikiwa imekaza na mwili umeinama kuelekea mlima. Mzee hakuharakisha jambo hilo. Aliuliza kamba hukaa hasa wapi, upana wake ni vidole vingapi, gunia hulala wapi mgongoni, na mama hutuaje mzigo akiwa peke yake. Kijana alijibu kwa vitendo, akajifunga mkanda wa ziada kichwani na kuinama. Wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini nao walibeba hivyo, mzee akasema, na akaongeza kwamba mtu aliyekulia karibu na mizigo ya namna hiyo hahitaji kufundishwa heshima ya uzito. Halafu akamvua shanta, akamwinulia fulana na kukagua ngozi. Juu ya nyonga ya kushoto palikuwa na alama nyekundu nyembamba. Akasogeza sponji upana wa kidole, wakaanza upya.

Yalibaki majaribio mawili ambayo wengi huyaruka. La kwanza ni kelele. Mzee alikwaruza kitambaa kwa ukucha, kisha kwa tawi kavu la msonobari alilolihifadhi kwa kazi hiyo. Nailoni nyingine hupiga kelele zikiguswa na kichaka, ilhali nyingine hutoa sauti ndogo ya kitambaa tu. Jaribio la pili ni shabaha. Alimpa kijana fimbo ya ufagio aishike kama bunduki, shanta likiwa limefungwa mwilini. Kitako kilitua juu ya mkanda wa bega, si kwenye mbonyeo wa bega panapotakiwa. Mkanda wa kifuani ukalegezwa, mkanda wa bega ukasogea nje, kitako kikapata mahali pake. Mzee akamfanya arudie mpaka mkono wa kijana ukawa unaenda wenyewe.

Kupakia ni kazi ya jioni. Kwa safari ya kutwa, vitu vililala mezani kwa mpangilio wa vitakavyohitajika: kisu na kinoo kidogo, mifuko minne ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa kwa ajili ya nyama, kamba nyembamba, tochi ya kichwani na betri za akiba, ramani na dira, kibiriti ndani ya chupa isiyopitisha maji, bendeji, koti la mvua, koti la manyoya na chakula. Kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu halikuingia begini hata kidogo. Lilifungwa kwenye mkanda wa kiunoni, upande wa kulia, na kijana akafundishwa kulichomoa bila kuangalia. Kwa safari ya kulala, mzee aliongeza mfuko wa kulalia, uliokwenda chini kabisa kwa kuwa hautaguswa hadi usiku, godoro jembamba la kupuliza, turubai dogo, jiko la gesi na kichujio cha maji. Vizito vilikaa katikati, karibu na mgongo. Chakula kilikaa juu, ndani ya mfuko wake, kwa sababu usiku lazima kitundikwe mbali na mahali pa kulala. Kila kilichoingia alikishika kwanza mkononi kwa muda, kana kwamba mkono wake ni mizani, na viwili vitatu alivirudisha kwenye rafu.

Kijana alipata elki wake Novemba, jike, juu ya korongo lenye theluji ya kufika kwenye vifundo. Mzee alikuwepo, nami nilifuata nyuma kwa ajili ya kubeba. Uchunaji ulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Ufungaji wa mzigo ndio uliochukua muda, na hapo ndipo niliona faida ya jioni zote za gereji. Mzee alitandika karatasi ya plastiki kwenye nafasi ya fremu ili damu isiingie begini. Akasimamisha mguu wa nyuma ndani ya mfuko wake wa kitambaa, upande mnene ukiwa juu, usawa wa mabega. Nyama hutaka kuteleza chini kila hatua, kwa hiyo alizungusha kamba chini ya fundo la goti la mnyama, akaipandisha na kuifunga kwenye upau wa juu wa fremu. Ndipo akalirudisha begi juu yake na kuvuta mikanda: wa chini kidogo, wa juu kidogo, wa kati kidogo, akirudia mzunguko huo bila kuumaliza mmoja kabla ya mwingine, mpaka vitu vyote vikawa kitu kimoja. Akalitikisa shanta kwa mikono miwili. Halikucheza. Mwisho akafunga kitambaa cha rangi ya chungwa kwa nje, ili mwindaji mwingine asiidhanie nyama itembeayo kuwa mnyama.

Hakuna aliyeinua shanta lile kwa nguvu za mikono. Lilisimamishwa kwenye mteremko, kijana akakaa chini mbele yake, akavaa mikanda, akafunga kiuno, akajiviringisha hadi magotini, akaegemea fimbo zake mbili na kusimama. Mzee akalegeza mkanda wa bega wa kulia kidogo sana. Tukashuka.

Kesho yake shanta lilioshwa gereji kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kwani maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa, na damu iliyobaki ni mwaliko kwa dubu katika safari ijayo. Lilianikwa kivulini, maana jua hudhoofisha nailoni. Lilipokauka mzee alipitisha kidole gumba kwenye kila mshono unaobeba uzito na kukuta mmoja, pale mkanda wa bega unapoungana na fremu, umelegea nyuzi mbili. Akampa kijana sindano nene na uzi uliotiwa nta. Mara ya kwanza kijana alishona kwa mstari mmoja, mzee akaufumua wote. Mara ya pili alishona kwa kwenda na kurudi, mishono ikibanana, na huo ukapita. Kisha mzee akaandika kwa kalamu ya wino mzito, upande wa ndani wa kila mkanda, mstari mdogo mahali bizimu ilipokuwa imekaa siku ya mzigo. Akamwambia alilete tena kabla ya Septemba wapime upya, kwa kuwa sponji ikishabeba hulala kidogo, na mstari wa mwaka huu huenda usifae mwakani.