Saa Tatu Malishoni: Hesabu ya Uzito wa Poni

Ikifika Mei, mwenye poni mnene nchini Uingereza huchukua hatua inayoonekana ya busara. Anaacha kumlaza mnyama malishoni, anamtoa saa tatu tu kwa siku, kisha anamrudisha bandani. Wiki zinapita, anamzungushia utepe kifuani na kukuta sentimita hazijapungua, pengine zimeongezeka. Hakuna aliyemlisha kwa siri. Amehesabu saa, ilhali kinachonenepesha ni kilo za majani zinazopita mdomoni. Watafiti walipoanza kuzipima kilo hizo badala ya kuzikisia, ikaonekana kwa nini njia iliyoaminiwa na wengi haikuwa ikizaa matunda, na ni zipi zinazofaa kushika nafasi yake.

Poni ni farasi wa kimo kifupi, kwa kawaida asiyezidi sentimita 148 mabegani. Uingereza ina jamii zake za asili: Shetland, Exmoor, Dartmoor, New Forest, Fell, Dales, Highland na zile za Wales. Nyingi zilikulia vilimani na kwenye nyika zenye upepo, mvua na majani duni. Miili yao ikazoea kuweka mafuta kiangazi na kuyala wakati wa baridi, hivyo poni anayeishi mlimani bila kulishwa huyafikia machipuko akiwa amekonda, na hilo si ugonjwa. Mfugaji wa Afrika Mashariki, ambaye hofu yake ni mifugo kukonda kwa ukame, anaweza kuuona unene wa poni kuwa tatizo la anasa. Ukweli ni kwamba unamlemaza mnyama, na wengi huishia kupigwa sindano ya kuwapumzisha na mateso.

Kutoka tumboni hadi kwenye kwato

Ugonjwa unaoogopwa huitwa laminaitisi. Mfupa wa mwisho wa mguu wa farasi umening'inizwa ndani ya ukwato kwa tabaka nyembamba za nyama, kama ukucha ulivyoshikamana na kidole. Tabaka hizo zikidhoofika, uzito wa mnyama huuvuta mfupa, ukageuka au kuzama. Maumivu yake ni makali mno, na poni aliyewahi kuugua yuko hatarini kuugua tena.

Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa tumbo: sukari nyingi huvuruga bakteria wa utumbo mpana, sumu zikaingia kwenye damu. Njia hiyo ipo, hasa kwa mnyama aliyevamia ghala la nafaka. Lakini mwaka 2007 watafiti nchini Australia waliwaingizia poni wazima insulini kwa wingi kupitia mshipa, huku wakihakikisha sukari ya damu haishuki. Wote waliopewa insulini walipata laminaitisi ndani ya saa 72, bila kula jani hata moja la ziada. Tangu hapo insulini imekuwa katikati ya mjadala. Poni wengi wa asili huimwaga kwa wingi wanapokula sukari, na unene huzidisha tabia hiyo. Kumpunguza uzito, basi, ni kumtibu kabla hajaugua.

Majani ya Mei

Nyasi za Ulaya huanza kuota udongo unapofika nyuzijoto 5 au 6 hivi. Mei na Juni hukua kwa kasi kuliko wakati wowote, kisha hupata nguvu mpya karibu na Septemba. Malisho mengi yamepandwa raigrasi, jamii iliyochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili ng'ombe watoe maziwa mengi na kondoo wanenepe. Poni aliyeumbwa kwa ajili ya majani ya mlimani anajikuta kwenye meza ya ng'ombe wa maziwa.

Sukari ya majani hubadilika ndani ya siku moja. Jua hutengeneza sukari, na ukuaji huitumia. Asubuhi na mapema huwa imepungua, alasiri inakuwa imejaa. Usiku ukiwa wa baridi kali, ukuaji husimama na sukari ya jana hubaki kwenye shina. Ndiyo maana asubuhi yenye umande uliogandishwa, inayofuatwa na jua kali, hufaa kuogopwa kuliko asubuhi ya mawingu yenye vuguvugu. Ushauri unaotokana na haya ni kumtoa poni usiku wa manane au alfajiri na kumrudisha kabla jua halijapanda, isipokuwa palipogandisha.

Hata hivyo, ratiba hiyo hupunguza sukari katika kila mdomo wa majani. Idadi ya midomo haiguswi.

Kilo, si saa

Tuchukue poni wa mfano, maana mizani ya farasi ni adimu na kazi huanza kwa utepe. Kifua kinapimwa nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua kinazidishwa kwa kifua, kisha kwa urefu, jawabu linagawanywa kwa 11,877. Kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 130 vinatoa kilo 246. Tuseme 250 ili hesabu iwe nyepesi.

Chakula cha farasi hupimwa kwa uzito mkavu, yaani baada ya kuondoa maji. Poni asiyefanya kazi hutosheka na asilimia 2 hivi ya uzito wake: kilo 5 kwa siku. Anayepunguzwa hupewa asilimia 1.5, yaani kilo 3.75. Lakini mwaka 2011 kundi la watafiti, akiwemo Annette Longland, lilionyesha kwamba poni aliyeachwa huru kwenye malisho mazuri anaweza kula karibu asilimia 5 ya uzito wake kwa siku. Kwa huyu wetu hizo ni zaidi ya kilo 12, mara tatu ya mgawo wake.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ndio ulioiumbua njia ya kuhesabu saa. Poni waliotolewa saa tatu tu kwa siku walijifunza haraka. Kadiri wiki zilivyopita walizidi kula mbiombio, wakaingiza karibu asilimia 40 ya chakula chao cha siku ndani ya saa hizo. Poni anaweza kula hadi asilimia 1 ya uzito wake kwa muda huo. Kwa mnyama wetu ni kilo 2.5 kavu, na kwa kuwa majani mabichi ya machipuko ni maji kwa karibu asilimia 80, tunazungumzia kilo 12 au zaidi za majani. Theluthi mbili za mgawo wa siku zimekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Zinabaki kilo 1.25 kwa saa 21, na mwenye poni, akimhurumia kwa kushinda bandani, humjazia wavu wa hei, yaani majani yaliyokaushwa. Hapo ndipo uzito unapopanda.

Kuupunguza mdomo, kuipunguza ardhi

Njia zinazofaa zina tabia moja: zinagusa kiasi kinacholiwa kila dakika.

Ya kwanza ni kikapu cha mdomoni, kinachofungwa kwenye hatamu na chenye tundu dogo chini ambamo ncha za majani hupenya. Vipimo vya Longland na wenzake vilionyesha ulaji ukishuka kwa karibu asilimia 80. Hakuna kifaa kingine cha malishoni kinachokaribia hapo. Kina masharti yake: majani yawe marefu kiasi cha kupenya tundu, poni aweze kunywa maji, ngozi ikaguliwe isichubuke, na kisivaliwe saa zote 24. Mtego uko kwenye saa kinapovuliwa. Poni aliyeachwa huru malishoni baada ya kushinda nacho anaweza kufidia sehemu kubwa ya alichokosa. Kikivuliwa, aingie mahali pasipo na majani.

Ya pili ni uzio wa umeme unaosogezwa mbele hatua chache kila siku, ili poni apate ukanda mwembamba wa majani mapya. Hupunguza kasi ya kunenepa, lakini unadai nidhamu: siku moja ya kusogeza mno huharibu kazi ya wiki.

Ya tatu ni njia ya kuzunguka pembezoni mwa shamba, wazo lililoenezwa na Mmarekani Jaime Jackson mwaka 2006. Maji huwekwa upande mmoja na hei upande mwingine, ili mnyama atembee kutwa. Faida yake ni mwendo na majani machache. Majani ya katikati hubaki yamesimama hadi baridi.

Kumfungia poni kwenye kijishamba kilichokwanguliwa hadi udongo hakufai, ingawa ni rahisi. Majani mafupi yaliyoteseka hurundika sukari kwenye vitako vyake, na mnyama humeza mchanga pamoja nayo.

Mgawo wa bandani na mpaka wake

Poni aliyetolewa kabisa malishoni anahitaji hei, na hei ipimwe kwa mizani. Kilo 3.75 kavu ni sawa na kilo 4.3 hivi za hei ya kawaida. Kuiloweka kwa saa kadhaa huondoa sehemu ya sukari, ingawa kiasi hutofautiana sana kati ya robota moja na jingine, na wakati wa joto hei iliyolowa huchacha upesi. Madini nayo hutoka na maji, kwa hiyo kirutubisho kidogo cha madini na protini ni cha lazima.

Wapo wanaofikia kumnyima poni chakula kabisa, na hilo laweza kumuua. Poni mnene akiachwa na njaa ghafla, mafuta humwagika kwenye damu na ini hushindwa kuyamudu. Shetland na majike wenye mimba ndio walio hatarini zaidi. Lengo la nusu hadi asilimia 1 ya uzito kwa wiki linatosha: kwa poni wetu, kilo 1.25 hadi 2.5. Tumbo linalojaa na kupungua hudanganya utepe, hivyo mkono nao utumike kupapasa mbavu na ukingo wa juu wa shingo chini ya singa. Shingo iliyoota nundu ngumu ni dalili mbaya kuliko kitambi.

Kazi huanza Desemba

Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2014 uliwafuatilia farasi na poni 96 wanaoishi nje. Mwishoni mwa baridi asilimia 27 walikuwa wanene kupita kiasi. Kiangazi walifika asilimia 35. Namba ya kwanza ndiyo ya kutisha. Zaidi ya robo waliingia msimu wa machipuko mafuta ya mwaka uliopita yakiwa bado mwilini, kwa sababu majira ya baridi hayakuruhusiwa kufanya kazi yake. Poni mwenye koti nene la asili alivishwa blanketi, akawekewa hei usiku kucha.

Wengine wamefanya kinyume chake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, poni wa asili walioishi nje wakati wa baridi na kupewa nusu hei, nusu mabua ya nafaka walipungua, huku waliopewa hei tupu kwa jumla hawakupungua. Mabua hujaza tumbo na kumpa mnyama kazi ya kutafuna, lakini nguvu yake ni ndogo. Yaingizwe polepole, na asipewe poni mwenye meno mabovu, yasije yakaziba utumbo.

Kwa hiyo mwenye poni anayeanza kuhangaika Mei amechelewa miezi mitano. Anayemfikisha Machi mbavu zake zikipapasika kirahisi ana nafasi ya kukosea kidogo kiangazi bila kumponza mnyama. Kikapu na uzio vitabaki kuwa vya lazima hata kwake, ila vitakuwa vikilinda uzito uliokwisha kupatikana, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuutafuta katikati ya majani ya Juni.