Nani Alimfundisha? Uhakiki wa Filamu ya The Accountant

Muhula uliopita, hostelini kwetu Kampala, tulitazama The Accountant (2016), filamu ya Gavin O'Connor. Ilipokwisha, mwenzangu aliniuliza kama simwogopi mdogo wangu. Mdogo wangu ana usonji. Uhakiki huu ni jibu langu.

Mhusika mkuu, Christian Wolff, ni mhasibu mwenye usonji na pia muuaji hodari. Ni rahisi mtazamaji kuyaunganisha hayo mawili, kwamba anaua bila kutetereka kwa sababu ana usonji. Lakini msuko wenyewe unakanusha. Baba yake, mwanajeshi, alikataa kumwacha kwa wataalamu, akawapeleka yeye na ndugu yake Braxton kufunzwa mapigano Indonesia. Braxton hana usonji, naye amekuwa muuaji vilevile. Wanachoshiriki ni malezi ya baba mmoja.

Udhaifu wa filamu ni kumsafisha baba huyo. Anakufa akimkinga mwanawe risasi, nasi tunasahau kuuliza alimfundisha nini.

Kosa hilo hutokea hata nje ya sinema. Mwaka 2018, mjini Toronto, Kanada, kijana mmoja aligonga watembea kwa miguu makusudi kwa gari. Aliwaambia polisi kwamba alivutiwa na wanaume wa mtandaoni wanaochukia wanawake. Mahakamani, upande wa utetezi ulidai kuwa usonji ulimzuia kuelewa ubaya wa kitendo chake. Mwaka 2021 Jaji Anne Molloy aliikataa hoja hiyo na kumtia hatiani kwa kuua watu 10. Alijua kuwa ni kosa.

Sisemi kwamba mwenye usonji hawezi kunaswa na itikadi kali. Kijana mpweke, anayechekwa darasani, anaweza kumfuata yeyote anayemwita rafiki, na waenezaji wa chuki wanalijua hilo. Ila upweke huo mara nyingi tunautengeneza sisi.

Mwanzoni mwa filamu, Christian akiwa mtoto anapanga vipande vya picha. Kipande cha mwisho kinakosekana, anapiga kelele. Msichana asiyezungumza anakiokota sakafuni na kumpa, naye anatulia. Mwenzangu alikumbuka bunduki. Ningependa akumbuke kipande hicho.