Uhaba Uliozaliwa Mtamboni

Kati ya mwaka 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ya Marekani ilitia kadi za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za sigara. Mkusanyo huo, unaojulikana kama T206, una kadi zaidi ya 520. Nyingi bado zinapatikana. Chache ni adimu mno, na ukizichunguza utaona uhaba wake ulianzia kiwandani.

Kadi zilichapwa kwa lithografia, rangi moja baada ya nyingine, kwenye karatasi kubwa zenye wachezaji wengi, kisha zikakatwa. Nyuma lilichapwa tangazo la chapa ya tumbaku. Kosa lilipoonekana, mafundi walirekebisha bamba na kazi ikaendelea, lakini kadi zilizokwisha kutoka zilikuwa tayari njiani kwenda kwa wavutaji.

Kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh ndiyo maarufu kuliko zote. Mwaka 1912 gazeti la The Sporting News lilieleza kwamba alikataa picha yake itumike, akampelekea mwandishi John Gruber hundi ya dola 10 ili asipoteze malipo aliyoahidiwa kwa kumshawishi. Ushahidi wa kwamba uchapaji ulikatizwa mapema uko mgongoni mwa kadi: matangazo yake ni ya Sweet Caporal au Piedmont tu, nayo yanataja wachezaji 150, idadi ya awamu ya kwanza. Zinazojulikana leo ni takriban 60.

Kadi nyingine ni adimu kwa makosa ya maandishi. Sherry Magee wa Philadelphia aliandikwa “Magie”, herufi moja ikasahihishwa upesi.

Kwa Joe Doyle kosa lilikuwa la ligi. New York ilikuwa na timu katika ligi zote mbili kuu, na akina Doyle walikuwa wawili. Joe, wa ligi ya American, akawekewa “Nat’l”, yaani National, ligi ya Larry Doyle. Neno hilo lilifutwa, na kadi zilizobaki nalo hazifiki 20.

Kwa idadi, basi, Doyle ni adimu kuliko Wagner. Hata hivyo ni kadi ya Wagner iliyouzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, kwa sababu wanunuzi hulipia pia hadhi ya mchezaji.

Bei kama hizo huwavutia waghushi; wajuzi, kwa hiyo, huanza kwa kukagua mgongo. “Magie” halisi ina tangazo la Piedmont peke yake; ikiwa na Sweet Caporal, herufi yake imechezewa baada ya kutoka kiwandani.