Simulizi za Mbozi na Urithi wa Wamoravian

Anayepita Soweto siku ya Jumapili, mtaa wa Mbeya ulioazima jina lake Afrika Kusini, atasikia kwaya kabla hajaliona kanisa. Nyimbo ni za Kiswahili, na mahubiri ni ya Kiswahili. Lakini wengi miongoni mwa Wamoravian wa jiji hilo ni wajukuu na vitukuu wa watu waliobatizwa Rungwe, Utengule na Mbozi, waliofundishwa dini kwa Kinyakyusa, Kisafwa na Kinyiha. Baina ya lugha hizo na Kiswahili cha leo kuna pengo, na ndani ya pengo hilo umeangukia urithi ambao hautajwi sana pale kanisa linapozungumzia urithi wake.

Theodor Meyer na wenziwe walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao Alexander Merensky aliwaongoza wamisionari wa Berlin kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Utengule ikafuata mwaka 1895, na Mbozi mwaka 1899. Tangu hapo Kanisa la Moravian limejenga shule na hospitali, na Mbeya kuna chuo kikuu chenye jina la Teofilo Kisanji, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Wamoravian nchini. Kwa hiyo haitakuwa haki kulishutumu kanisa hili kwa kutoijali kesho yake; aghalabu linaijua kesho kuliko jana. Jana huonekana siku za jubilei, katika picha za waasisi na katika kuta za matofali ya zamani.

Na si kosa la Nyanda za Juu peke yake. Mwezi Julai 2024 UNESCO iliiorodhesha miji ya Wamoravian kuwa urithi wa dunia: Herrnhut ya Ujerumani, Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini ziliunganishwa na Christiansfeld ya Denmark, iliyokuwa imetangulia mwaka 2015. Heshima hiyo wanastahili, kwani kilichopimwa ni mpango wa miji na ujenzi wake. Hata hivyo Wamoravian wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote wako Tanzania. Urithi ukipimwa kwa mawe, Rungwe itabaki nyuma daima. Ukipimwa kwa maneno, mizani itageuka.

Maneno hayo yapo. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmisionari aliyeishi miongoni mwa Wasafwa, aliandika kitabu kikubwa juu yao, Die Safwa, kilichotoka kuanzia mwaka 1926. Muhimu zaidi kwa mpenzi wa fasihi ni kwamba alikaa akawasikiliza watu wakisimulia maisha yao. Miongoni mwao ni Narwimba na Chisi, wanawake waliopitia misukosuko ya utumwa ya karne ya 19 na kufika misheni ya Mbozi, na mwalimu Msatulwa Mwachitete. Simulizi zao zilichapishwa kwa Kijerumani. Mwaka 1932 zikatoka London kwa Kiingereza. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akazirudia na kuzichambua katika kitabu chake juu ya mbinu za watumwa na wanawake.

Narwimba hasimulii utumwa kama hadithi ya minyororo tu. Anasimulia hesabu. Mumewe anapofariki, anajitafutia mwenyewe ndoa nyingine ili apate wa kumlinda. Mwanamke asiye na mlinzi katika ulimwengu ule anaweza kugeuzwa mali ya kulipia deni la watu wengine, yeye na kizazi chake. Huruma ya bei rahisi haimo. Umo ujasiri wa mtu anayechagua baina ya mabaya mawili huku akijua kwamba yote ni mabaya.

Hapana budi, hata hivyo, kusoma kwa tahadhari. Aliyeandika ndiye aliyechagua. Simulizi zinaelekea misheni kama mto unavyoelekea ziwani, na msomaji ana haki ya kushuku kwamba mto haukunyooka hivyo. Mwenye kusimulia alijua anazungumza na nani, naye mke wa mmisionari alijua wasomaji wake wa Ujerumani wanataka nini. Lakini shaka hiyo ndiyo sababu ya kulitafuta andiko lenyewe, si kisingizio cha kuliacha.

Visiwani jambo hili linaeleweka vyema. Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lilifanyiwa ukarabati katika muongo wa 2010 kwa ushirikiano na World Monuments Fund, na wageni humiminika kuona vyumba na sanamu. Ni wangapi wanaoondoka wakiwa wamesikia habari za vijana wa Kiungani, walioandika maisha yao wenyewe, nazo zikatolewa na A. C. Madan kwa Kiingereza mwaka 1887? Unguja ina mahali na inasahau sauti. Mbozi ina sauti, wala haina hata kibao cha kuzitangaza katika orodha za dunia.

Mwaka 2091 Wamoravian wa Nyanda za Juu watatimiza miaka 200. Mpango wa muda mrefu wenye kustahili jina hilo ungeanza na kazi ndogo isiyohitaji saruji: kupata nakala za karatasi za Nyanda za Juu zilizo katika hifadhi ya Herrnhut, kuwatafuta wazee wanaokisoma Kisafwa na Kinyiha cha zamani wangali hai, na kuchapa kitabu kimoja chenye maneno ya awali upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Chuo kipo, wanafunzi wapo. Kitabu hicho kikiuzwa mlangoni pa ushirika baada ya ibada, binti wa Soweto anayesoma kidato cha tatu ataweza kuuliza nyumbani kwao kama kuna anayemkumbuka Narwimba, na pengine atajibiwa kwa jina la ukoo wake mwenyewe.