Je, Kinachouzwa Sana Ndicho Kizuri?

Ukipita Majengo hapa Songea baada ya alasiri utakikuta kibanda cha gemu kimejaa vijana, wawili wameshika pedi na wengine wanangoja zamu. Wengi wetu twapita tukiguna tu. Mimi juzi niliingia nikakaa kwenye benchi, kwa kuwa mpwa wangu alinitolea hoja iliyonikera: kwamba mchezo wa mpira uliokuwa ukiitwa FIFA hadi mwaka 2023 huwa bora kila toleo jipya litokapo, na ushahidi ni kuwa lauzwa kuliko lililotangulia.

Hoja hii si ya watoto peke yao. Hata vitabu na kanda za mawaidha twazipima hivyo hivyo.

Basi tutazame. FIFA 23 ilitoka mwezi wa Septemba 2022, na kampuni ya EA ikatangaza kwamba watu milioni 10.3 waliucheza katika juma la kwanza. Wangapi kati yao walikuwa wameujua mchezo huo kabla ya kulipa? Mkulima wa Ruvuma hununua mfuko wa mbegu za mahindi mvua hazijanyesha, kwa sababu mavuno ya mwaka jana yalimridhisha. Mifuko ikiisha dukani, tumepata habari za mbegu ya mwaka jana. Ya mwaka huu tutaijua shambani. Ndivyo lilivyo toleo la kufuatia: huuzwa kwa sifa za kaka yake.

Tena kampuni yenyewe imekiri kwa kitendo. Katika mashine ya Nintendo Switch, FIFA 20 hadi FIFA 23 zilitolewa kwa jina la Legacy Edition, yaani mchezo ule ule wa zamani uliobadilishiwa jezi na orodha ya wachezaji. Na watu walitozwa fedha. Pale kibandani mashine ni PlayStation 2, na FIFA ya mwisho kutengenezewa mashine hiyo ni FIFA 14, ya mwaka 2013. Lakini kwenye televisheni niliona majina ya wachezaji wa leo! Fundi wa mtaani ameyabandika. Kazi yake na ya kampuni ile zafanana, ila yake haimo katika hesabu ya mauzo ya mtu yeyote. (Kama kunakili huko ni halali, hilo ni somo jingine, na mwenye kibanda alijua nitaliuliza.)

Ama Konami, washindani wao, mwaka 2021 waliliacha jina la Pro Evolution Soccer wakatoa eFootball 2022 bila malipo. Watu walimiminika kwa jina la zamani. Katika duka la Steam wachezaji wakaushusha kuwa miongoni mwa michezo iliyolaumiwa mno, na Konami ikaomba radhi. Umati ulikuja kwanza, hukumu ikafuata.

Lililonisumbua zaidi ni fedha zenyewe. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, EA ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team, sehemu kubwa ikiwa ni ya FIFA. Humo mchezaji huweza kununua pakiti iliyofungwa, akitumaini kumpata mchezaji hodari ndani yake. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi zake huko mwaka 2019. Wewe msomaji huhitaji kuelezwa hukumu ya kamari. Lakini fedha hizo nazo huitwa mafanikio ya mchezo.

Sisemi kila kinachouzwa ni kibovu. San Andreas ya mwaka 2004 iliuzwa mno na ufundi wake ni mkubwa, ingawa visa vyake vya ujambazi nisingemwekea mtoto mbele.

Nilipotoka nilimwuliza mwenye kibanda ni diski gani huombwa kila siku. Akatoa moja iliyokwaruzika, haina hata jalada.