Ilimba na Buibui wa Ukutani

Mzee aliupapasa ukuta wa udongo kwa kidole mpaka akakipata alichokuwa akikitafuta. Akachomoa kisu, akaanza kubandua taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kikatoka kiduara cheupe, kipana kiasi cha shilingi mia, chembamba kuliko karatasi ya sigara. Ni utando ambao buibui hufunikia mayai yake. Mimi na wewe tukiuona ukutani tunaita uchafu na kuagiza ufagio. Yeye aliubeba kiganjani mpaka kivulini, akauweka juu ya tundu lililotobolewa kwenye uso wa ilimba, ala yake ya ndimi za chuma, akaulowesha kwa mate, akaukandamiza kwa kidole gumba. Kisha akagusa ulimi mmoja tu wa chuma.

Chombo kikavuma kama mzinga wenye nyuki mmoja aliyekasirika.

"Bado," akasema. Akaubandua, akautupa, akarudi ukutani.

Nilikuwa nimekwenda huko, nje kidogo ya Dodoma, kumzika shangazi, na siku moja ikabaki kabla ya safari ya kurudi. Mimi ni Mgogo wa Temeke: najua kuitikia mbukwenyi, baada ya hapo Kigogo kinaniishia. Kwa hiyo sikukaa pale kama mwenyeji. Nilikaa kama mgeni aliyepewa kigoda na kuambiwa asiguse kitu. Mzee alishachonga sanduku lake kwa tezo siku nyingi zilizopita; ndimi alizifua kwa misumari, moja moja. Kazi hizo hakuzizungumzia. Alichohangaika nacho mchana mzima ni ule mvumo. Utando ukiwa mzito, ilimba inanung'unika. Ukilegea, inakohoa. Wa nne ndio uliomridhisha, naye hakusema kitu, alianza tu kupiga.

Ilimba ina ndimi ambazo hazipigwi. Zimepangwa pamoja na wenzake, lakini vidole gumba havizifikii wala havina haja nazo. Wenzake wakiimba, nazo hutetemeka zenyewe. Niliziangalia zile zaidi kuliko vidole vya mzee. Zilinikumbusha wale wazee waliokaa nyuma kabisa msibani siku mbili kabla: hawakusema neno, lakini bila wao msiba usingekuwa msiba.

Hapo ndipo bibi yangu aliponijia. Alikuja Dar es Salaam mara moja kwa matibabu, akakaa kwetu miezi mitatu, na jioni moja, sijui alikumbuka nini, akavuta ndoo ya plastiki, akaigeuza, akaibana katikati ya mapaja kama wanawake wa kwao wanavyoibana ngoma ya muheme. Muheme ni ngoma ya wanawake, ya unyago, na bibi aliwahi kuwa mpigaji wa mbele. Akaanza. Mama akatazama mlango, akihofia wapangaji wenzetu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nikacheka, maana sikuwahi kumwona bibi akitikisa mabega. Akapiga kidogo, akasimama, akaisukuma ndoo pembeni.

"Ndoo haisikii moto," alisema.

Miaka mingi nilidhani ni mafumbo ya wazee. Hayakuwa mafumbo. Ngozi ya ngoma huoteshwa motoni kabla ya kupigwa mpaka ikaze na sauti ipande, na ikilegea usiku wa manane inarudishwa tena motoni. Ndoo huwezi kuiotesha moto, itayeyuka. Bibi alikuwa anatoa sababu ya kuacha, basi. Hakupiga tena mpaka anaondoka, na hakuna aliyemwomba apige. Mimi hata jina la mapigo yale sikuuliza. Nikisikia watu wanasema mizizi iko kwenye damu, naikumbuka ile ndoo. Damu yake ninayo. Mapigo yake sina.

Serikali nayo iliwahi kusononekea mapigo kama hayo. Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na akatusuta waziwazi: rumba na chacha tunazijua, gombe sugu, mangala na lele mama hatuzijui. Miaka hiyo mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka Dodoma na ilimba yake, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza mwaka 1981, akaipeleka sauti hii mpaka Japani na Ulaya. Alifariki mwaka 2003. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu Maisha mwaka 2024, wakaitoa kwa kampuni ya Uingereza. Mimi sijaisikia ikipigwa kwenye daladala hata moja.

Ninachokisikia ni kingine. Mwaka jana kijana mmoja wa studio, hodari na mwenye nidhamu, alinipa visikilizio nisikie ilimba aliyorekodi kwa ajili ya tangazo. Ilikuwa safi kama maji ya chupa. Nikamwuliza mbona haivumi. Akafurahi kwamba nimegundua. Ile mikwaruzo, alisema, ilimsumbua usiku kucha, lakini ameiondoa yote.

Sikumlaumu. Nani alimwambia kwamba mikwaruzo ile imetafutwa ukutani kwa ncha ya kisu? Nilimlaumu aliyelipia tangazo, ambaye ni mtu wa rika langu na wa kabila langu, aliyesikiliza akasema sasa ndiyo imekuwa ya kisasa.

Jioni mzee alinionyesha nyumba yake mpya, aliyojengewa na mwanawe: tofali za saruji, plasta, rangi ya maziwa, bati la bluu. Ni nyumba nzuri, na nyoka hawaingii. Kuta zake nilizipitia kwa macho moja baada ya nyingine na sikuona kiduara hata kimoja. Ukuta tuliokuwa tukiubandua ni wa tembe la zamani lililobaki nyuma. Mvua za misimu miwili iliyopita ziliangusha upande mmoja, na mwanawe amesema likimalizika kuanguka hapo patajengwa banda la kuku.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kwenu bado kuna ukuta wa udongo, na juu yake ukaona kiduara cheupe kama shilingi, usikifute. Kibandue taratibu, kiweke katikati ya daftari, umpe mtu anayekwenda Dodoma.